Hawakuona kitu, au hakuna kitu?

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kunong'ona kwamba nimedisko kimyakimya. Sijadisko bwana, nipo. Nilikuwa BTP, nikarudi chuo nikakuta testi mbili zimenisubiri mlangoni kama mwenye nyumba anayedai kodi. Leo Jumapili, umeme upo, bando lipo, na kuna jambo limenikaa kifuani wiki tatu sasa. Ngoja nilitoe. Ni refu kidogo, kwa hiyo vuta kiti kabisa.

Mnaonifahamu mnajua napanga hosteli ya mtaani, chumba cha watu wawili. Mwenzangu si wa chuo chetu. Yeye anasoma mambo ya maabara ya hospitali, na mwaka huu yuko kwenye saitolojia, yaani kutafuta ugonjwa kwa kuangalia seli za mtu kwenye hadubini. Fani yenyewe kwa jina kamili ni saitoteknolojia. Mimi humwita Dokta, naye kila siku ananirekebisha: "Mimi si daktari, Ticha. Mimi ndiye ninayemwonyesha daktari aangalie wapi." Nilidhani ni maringo ya watu wa koti jeupe. Na mimi si mgeni wa seli, nasoma ualimu wa Biolojia na Kemia, ngozi ya kitunguu nimeichora tangu kidato cha kwanza mpaka nimechoka. Kwa hiyo akianza habari zake usiku nilikuwa naitikia "mmh" huku napitia desa langu.

Mpaka mamdogo wangu aliponipigia simu.

Mamdogo anaishi Muheza. Ndiye aliyenisomesha kidato cha tano na sita kwa biashara ya maandazi na nazi, sisemi zaidi. Ana miaka 52. Alisikia tangazo la kupima shingo ya kizazi, akaenda. Wanawake wengi hapa kwetu wanapimwa kwa siki: muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, anasubiri kidogo, na sehemu yenye kasoro inageuka nyeupe. Lakini mwanamke akishakoma hedhi, ile sehemu inayotakiwa kuangaliwa inarudi ndani na haionekani vizuri. Kwa hiyo yeye akachukuliwa kipimo cha kioo, kile kinachoitwa Pap. Majibu yalichukua kama miezi miwili kutoka.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Umekula?" Ndivyo anavyoanza siku zote. "Majibu yangu nimechukua. Alhamdulillahi, hawakuona kitu."

Akanitumia picha ya karatasi WhatsApp nimsomee, "maana Kiingereza chao hicho, mwanangu, mie sikiwezi." Nikaipitia harakaharaka. Sikuona neno saratani. Nikamwandikia: "Safi mamdogo, uko salama!" na mioyo mitatu myekundu juu.

Usiku nikamwonyesha Dokta ile picha, kwa kujisifu tu kwamba mamdogo wangu ni mwanamke wa kisasa. Akaisoma. Akaikuza kwa vidole, akaisoma tena.

"Ticha, umemwambiaje?"

"Nimemwambia yuko salama."

"Hapa hawajasema yuko salama. Hapa wamesema kioo hakikusomeka."

Yaani mwili ulipoa. Mstari wenyewe uko pale juu kabisa: sampuli haitoshi kusomwa, seli ni chache na zimekauka, kipimo kirudiwe. Umeandikwa kwa Kiingereza nilichokisomea miaka yote hii. Mimi nilikimbilia kutafuta neno baya, nilipolikosa nikafunga.

Asubuhi nikampigia. Akanicheka. "Jana safi, leo si safi? Hebu kaa na masomo yako." Akaongeza kwamba kile kipimo chenyewe ni aibu tupu, na nauli ya kwenda mjini haiokotwi. Nikajaribu kumweleza, nikajikuta sina maneno. Kwa nini seli ziwe chache? Zinakaukaje? Kwa nini mara ya pili ziwe nzuri? Sijui. Huwezi kumfundisha mtu usichokielewa, hilo tunaambiwa tangu mwaka wa kwanza. Basi kuanzia siku hiyo nikawa mwanafunzi wa mwanafunzi. Kila usiku baada ya ugali, Dokta anafungua kompyuta yake, mimi nauliza.

Jambo la kwanza ambalo hawa wenzetu wanafundishwa ni kwamba majibu ni matatu, si mawili. Kuna "nimeangalia, ni kawaida". Kuna "nimeangalia, si kawaida". Na kuna "sikuweza kuona". Hilo la tatu ndilo gumu kulitamka, kwa sababu mgonjwa ameshapanda basi, ameshavumilia aibu, na wewe unamwambia arudi. Lakini ukilificha ndani ya la kwanza, umemwongopea.

Kumbe makosa mengi huanza hata kabla hadubini haijawashwa. Anayechukua sampuli anakwangua polepole kwa kijiti au kibrashi, anapaka kwenye kioo, halafu hapo hapo, ndani ya sekunde, anatakiwa kukitumbukiza kwenye alkoholi ya asilimia 95. Akichelewa, akaanza kutafuta kalamu ya kuandika jina, hewa inazikausha seli. Seli iliyokauka inavimba, kiini chake kinapauka na kupoteza alama zake. Sasa kiini kikubwa ndiyo moja ya dalili wanazozitafuta! Kwa hiyo kioo kilichokauka kinaweza kumtisha mtu bure au kumficha mgonjwa, na msomaji hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo. Halafu seli zenyewe ziwe za kutosha: kwenye kioo cha kupaka kwa mkono wanataka angalau seli 8,000 zinazoonekana vizuri, kwenye kile cha sampuli iliyowekwa kwenye kichupa cha maji maalumu wanataka 5,000. Hawahesabu moja moja, wanalinganisha na picha za mfano. Na mwanamke aliyekoma hedhi seli zake huwa chache na kavu kwa sababu homoni imepungua, ndiyo maana mara nyingine anapewa krimu ya homoni kwa muda kabla ya kurudia. Nikaanza kumwelewa mamdogo na karatasi yake.

Baada ya hapo rangi. Jamani hapa nilinogewa. Seli bila rangi ni kama maji ndani ya maji. Rangi wanazotumia ziliunganishwa na Georgios Papanicolaou, Mgiriki aliyezaliwa mwaka 1883 kwenye mji wa Kymi, akahamia New York mwaka 1913 na mkewe Andromache. Walifika hawana kitu, mzee akauza mazulia dukani, mama akashona vifungo. (Wenzangu mnaosubiri bumu, jipeni moyo.) Baadaye akapata kazi maabara, na kwa miaka mingi mkewe ndiye aliyejitolea kuchukuliwa sampuli ili mume ajue seli za mwanamke mzima zinabadilikaje siku hadi siku. Mwaka 1928 alisimama mbele ya wataalamu kusema seli za saratani zinaweza kuonekana kwenye majimaji tu, bila kukata nyama. Hawakumjali. Mpaka mwaka 1943 alipotoa kitabu pamoja na Herbert Traut ndipo dunia ikamsikia. Miaka 15 hiyo.

Kwenye rangi zake, kiini kinakuwa bluu iliyokolea, kwa hematoksilini, rangi inayotoka kwenye mti wa Amerika ya Kati. Mwili wa seli iliyokomaa, ile ya juujuu kabisa, unakuwa waridi. Seli ya tabaka linalofuata chini yake inakuwa ya bluu-kijani. Ukiona rangi ya chungwa kali, ni seli iliyoanza kuwa ngumu kama ngozi. Kabla hujajua chochote kuhusu ugonjwa, rangi imeshakwambia seli ilikaa ghorofa ya ngapi.

Jumamosi moja Dokta akanipeleka kwenye maabara yao ya wanafunzi nikaone. Vioo vya kufundishia, vya zamani, havina majina. Kuna hadubini ya vichwa viwili, mwalimu anakaa huku mwanafunzi kule, wote wanaona kitu kimoja, na ndani kuna mshale mdogo wa kuelekezea. Mimi kama mwalimu mtarajiwa niliionea wivu ile hadubini. Hebu fikiria kama tungeweza kuona anachokiona mwanafunzi!

Nikaweka jicho. Nikaona ni pazuri kama kitenge. Waridi, kijani, nukta za bluu. Nikamuuliza, "Saratani iko wapi?"

"Hapo hakuna. Hicho ni kioo cha kawaida."

"Basi nionyeshe chenye ugonjwa."

"Wewe nawe! Sisi wiki za mwanzo zote tulikaa na vya kawaida tu."

Na hapo ndipo penye moyo wa fani yao. Wanaanza kwa kuijua seli nzima mpaka waichoke. Ya juujuu, yenye kiini kidogo kilichosinyaa kama punje ya ulezi. Ya kati, ambayo kiini chake wanakitumia kama rula: kina ukubwa unaojulikana, na kila kiini kingine kwenye kioo kinapimwa kwa hicho. Za ndani ya mlango wa kizazi, ambazo ukiziona kwa juu zimepangana kama sega la nyuki, ukiziona kwa ubavu zimesimama kama fito za uzio. Kwa hiyo rula iko kwenye kioo chenyewe, kwa mgonjwa mwenyewe.

Halafu wanajifunza vurugu zisizo saratani. Fangasi wanaonekana kama vijiti vilivyotoboa seli katikati, zimepangana kama mishikaki ya pale kona. Kuna kimelea cha trikomonasi chenye umbo la pera. Kuna seli iliyojaa bakteria juu mpaka ukingo wake hauonekani, kama andazi lililogaragazwa kwenye unga. Baadhi ya haya yanaleta uvimbe, na uvimbe nao unakuza viini. Mwanafunzi mgeni kila kiini kikubwa anapiga kelele. Anafundishwa atulie, aulize kwanza: mazingira yake yakoje?

Ndipo wanafika kwenye yale mabadiliko. Kirusi cha HPV kikiingia kwenye seli, kinaacha uwazi mweupe kuzunguka kiini, kama seli imetobolewa, na kiini chenyewe kinakunjamana kama zabibu kavu. Aliyeshindilia kwamba kirusi hiki ndicho kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi ni Mjerumani Harald zur Hausen, akapata Nobel mwaka 2008. Aina mbili tu za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, zinahusika na kama asilimia 70 ya saratani hizi. Seli zenye uwazi huo ni kubwa, zinavutia macho, hata mimi nilizikamata. Mara nyingi mwili unazishinda wenyewe.

Lakini Dokta akanisogezea kioo kingine. "Tafuta." Nikatafuta dakika kumi. Kitenge kilekile. Nikasema ni kawaida. Akasogeza mshale: pale pembeni, katikati ya seli kubwa nzuri za waridi, palikuwa na vijiseli vitatu vidogo, vimejitenga, kila kimoja kiini kimejaa karibu chote, cheusi, ukingo umejikunja. Basi. Vitatu.

"Hivi ndivyo vya hatari, Ticha. Vile vikubwa vinajitangaza. Hivi vinakaa kimya."

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu nitakazozieleza hapo mbele.

Wana namna ya kutembea kwenye kioo. Wanaanza kona moja na lenzi ndogo, wanapanda mpaka juu, wanasogea kidogo, wanashuka, na kila njia inakanyaga sehemu ya njia iliyotangulia. Kama kupiga deki korido la hosteli: tambara lazima lipite juu ya alama ya lililotangulia, la sivyo unaacha michirizi. Wakiona kinachotia shaka wanaweka nukta ya wino, wanabadili lenzi, wanakitazama karibu. Nukta hizo ndizo daktari bingwa atakazozifuata. Kwa hiyo kweli, Dokta hakuwa anaringa. Pale pasipo na nukta, mara nyingi hakuna mwingine atakayeangalia tena.

Na si shingo ya kizazi peke yake. Wanajifunza makohozi, maji ya mapafuni, maji ya uti wa mgongo, uvimbe uliochomwa sindano nyembamba, ambapo hapa kwetu uvimbe wa shingoni mara nyingi unakuwa TB ya tezi. Wanajifunza mkojo, na humo kwa watu wa Pwani na Kanda ya Ziwa wanaweza kukuta yai la kichocho lenye mwiba wake mkiani. Sisi kichocho tulikifundishwa kama mchoro wa konokono na mshale. Hatukuambiwa vizuri kwamba kikikaa miaka kwenye kibofu kinaweza kuzaa saratani.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi.

Nilimuuliza Dokta, mtu anaweza kusoma vioo vingapi kwa siku? Akanipa hadithi ya Marekani, ambayo wanasimuliwa darasani kama onyo. Mwaka 1987 gazeti la Wall Street Journal lilianika kwamba kulikuwa na maabara zinawalipa wasomaji kwa idadi ya vioo. Watu wakawa wanafukuzia idadi. Wanawake wakaambiwa wako salama, kumbe seli zilikuwepo pale kwenye kioo, zimepitiwa. Mwandishi wa habari hizo, Walt Bogdanich, alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1988, na mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria mpya ya maabara. Kanuni zake zinasema mtu asizidishe vioo 100 kwa saa 24, na hivyo 100 ni ukomo, si lengo. Angalau asilimia 10 ya vioo vilivyosemwa ni vya kawaida lazima visomwe upya na mtu mwingine. Na Desemba 1988 wataalamu wakakutana Bethesda, karibu na Washington, wakakubaliana lugha moja ya kuandika majibu, badala ya zile namba za Papanicolaou kuanzia 1 hadi 5 ambazo kila mtu alizielewa kivyake. Miongoni mwa waliyoyaingiza kwenye ripoti ni sampuli yenyewe inafaa kusomwa au haifai. Yaani ule mstari wa juu nilioruka mimi kwenye karatasi ya mamdogo, watu walikaa mkutano mzima ili uwepo.

Kuna kanuni moja zaidi. Mwanamke akikutwa leo na mabadiliko makubwa au saratani, maabara inatakiwa ivute vioo vyake vyote vya miaka 5 iliyopita vilivyosemwa ni vya kawaida, iviangalie upya. Je, zilikuwepo? Tulizipita? Dokta anasema walimu wao wanawakalisha kwenye zoezi hilo, na wengine hutoka machozi.

Wandugu, mimi nilikuwa nimetoka BTP. Nilipewa Biolojia kidato cha pili, mikondo mitatu, madaftari kama 190. Mnajua wenyewe mwalimu wa BTP anavyosahihisha: usiku, tochi ya simu, kalamu nyekundu, vema vema vema, "Vizuri", weka kando, lete lingine. Nilikuwa najisifu stafuruumu kwamba mimi nasahihisha mkondo mmoja kwa saa moja. Hesabu mwenyewe, hiyo ni chini ya dakika moja kwa daftari.

Kulikuwa na binti mmoja, anakaa dirishani, mkimya, nadhifu, hajawahi kunisumbua. Wale wasumbufu niliwajua majina wiki ya kwanza. Yeye jina lake nililijua wiki ya mwisho, alipopata 4 kwenye 50. Nikashtuka, maana daftari lake lote ni vema. Nikamwita. Akasimama, macho chini. "Madam, mimi Kiingereza sikijui. Naandika tu." Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, amefika sekondari kila kitu kimegeuka, na hakuna aliyesimama kumwangalia.

Siku ile nilisikitika tu, nikamweleza mwalimu wa darasa, nikafunga mabegi. Lakini baada ya kusikia ile kanuni ya miaka 5 nilikumbuka kwamba kwenye simu nina picha za madaftari ya mkondo ule, nilizopiga kwa ajili ya faili langu la BTP. Nikazifungua. Nikalitafuta lake. Wiki ya pili, zoezi la usanisinuru: amenakili maswali matano kwa mwandiko mzuri sana, na chini ya kila swali amenakili swali tena, akabadilisha neno moja moja. Hakuna jibu hata moja. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wangu: "Vizuri." Kuanzia wiki ya tatu majibu yote ni sahihi, na kosa moja la herufi ni lilelile alilonalo jirani yake.

Ilikuwepo. Wiki ya pili. Niliipita.

Sikuona kitu, nikaandika hakuna kitu. Ni kosa lilelile nililomfanyia mamdogo, mwaka uleule, kwa mkono uleule. Na ukiangalia vizuri, wote wawili walikuwa wamesimama mbele ya karatasi ya Kiingereza wasiyoielewa, wakimtegemea mimi niisome.

Sitaki kuwaambieni kwamba ualimu ni saitolojia. Mwalimu wa kawaida hana mtu wa kumwambia ukifika 100 acha. Madarasa yetu mnayajua. Lakini nimechukua mambo mawili. Moja, nikirudi darasani nitawajua kwanza wanafunzi wangu wakiwa kawaida, kila mmoja na rula yake, ndipo nitajua nani amebadilika. Mbili, kwenye kila mkondo nitachukua madaftari kama sita niliyoyawekea vema, niyasome upya mchana, akili ikiwa nzima. Ndiyo asilimia 10 yangu.

Kuna atakayesema fani yenyewe ya kina Dokta inakufa. Nilimuuliza pia, kwa ubaya kidogo. Ni kweli mambo yanabadilika. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha kwanza kiwe cha kutafuta kirusi chenyewe cha HPV, na Uingereza walianza kufanya hivyo mwaka 2019. Kompyuta nazo zinasaidia kuchagua sehemu za kutazama. Lakini mwanamke akikutwa na kirusi bado mtu anaweza kuhitajika aangalie seli zake, kirusi kimefanya nini. Vioo vinapungua, kila kioo kinakuwa kizito zaidi. Na wadogo zetu wa kike wana bahati ambayo mamdogo hakuwa nayo: chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kama una mdogo wa umri huo, uliza nyumbani kama amechanjwa. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na kwa kawaida inachukua miaka 15 hadi 20 kutoka seli za kasoro mpaka saratani yenyewe, kwa wenye kinga dhaifu miaka 5 hadi 10. Muda wa kuikamata upo. Ila mtu aangalie kweli.

Haya, mamdogo. Safari hii nilimpigia nikiwa na maneno. Sikumtisha. Nikamwambia: "Mamdogo, ukikaanga maandazi umeme ukakatika, taa hakuna, huoni kama yameiva, utamwambia mteja yameiva?"

"Hata! Nitangoja mwanga."

"Ndivyo walivyokwambia hospitali. Hawakusema umeiva wala hujaiva. Walikosa mwanga." Nikamweleza seli chache, nikamweleza kukauka. Halafu nikamwomba radhi, kwa sababu aliyemwambia yuko salama ni mimi. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. "Basi mwanangu, nitakwenda. Lakini nauli utatuma wewe." Nikatuma, bumu ndilo hilo limepungua.

Jumatano iliyopita alikwenda. Akanipigia yuko stendi, anacheka. Anasema alipomaliza kuchukuliwa sampuli alimwambia muuguzi, "Mwanangu kitumbukize upesi, kikikauka viini vinavimba." Muuguzi akamuuliza, "Mama, wewe umesomea wapi?"

Majibu bado. Yakija, nitaanza na mstari wa juu.

Ni hayo tu kwa leo. Ngoja nirudi kwenye desa, kesho saa mbili asubuhi kuna testi. Mwenye ndugu mwenye karatasi ya majibu kabatini, aitoe aisome tena. Tuko pamoja.